Mkono uliozoea gazeti: jibu kwa mchora katuni wa Kariobangi

Swali la msomaji: "Salamu mwalimu. Nina miaka 26, naishi Kariobangi South. Kwa miaka minne nimekuwa nikichorea gazeti moja la hapa mjini katuni pamoja na michoro ya kusindikiza hadithi za Jumapili, nalipwa kwa kipande. Usiku napaka rangi kwenye turubai. Juzi nilimpelekea picha zangu bwana mmoja mwenye jumba la sanaa. Alizitazama kidogo tu, akasema: 'Hizi ni katuni zilizopakwa rangi.' Akaongeza kwamba mkono uliozoea gazeti hauponi. Je, ni kweli? Wapo wachoraji wa maana walioanzia gazetini? Niache kazi? Na swali dogo la mwisho: kwenye turubai nitie sahihi ile ile ya gazetini?"

Mwanangu, huyo bwana alikuambia mambo mawili akayafunga kwenye fundo moja, na kazi yangu leo ni kulifungua. La kwanza huenda ni kweli. Sijaziona picha zako, lakini nimeona nyingi za wachora katuni wanaojaribu turubai, zangu zikiwemo, na mara nyingi ni katuni zilizopakwa rangi kweli. La pili, kwamba mkono hauponi, ni porojo. Ingekuwa hivyo, jumba moja kubwa la sanaa kati ya kila mawili duniani lingebaki na misumari mitupu ukutani.

Nitakupa mtu mmoja wa kukaa naye, maana ukipewa majina ishirini hutamkumbuka hata mmoja. Anaitwa John Sloan.

Sloan alizaliwa 1871 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, akakulia mjini Philadelphia. Mwaka 1888 mambo ya nyumbani yaliharibika, baba hakuweza tena kuilisha familia, na kijana akatolewa shuleni akawekwa kuwa karani wa pesa kwenye duka la vitabu. Kuchora alijifundisha humo humo, akinakili picha zilizokuwa dukani. Mwaka 1892 akaingia chumba cha wachoraji cha gazeti la Philadelphia Inquirer, na miaka mitatu baadaye akahamia Philadelphia Press.

Hapo inabidi uelewe chumba cha wachoraji kilikuwa kitu gani. Kamera ilikuwepo, lakini picha ya kamera ilikuwa bado haijaingia vizuri kwenye mitambo ya kasi ya magazeti ya kila siku. Nyumba ikiungua, mwandishi alitoka na mchoraji. Treni ikianguka, hivyo hivyo. Mchoraji alisimama kwenye moshi, akatia alama chache kwenye kipande cha karatasi, madirisha mangapi, ngazi iko wapi, farasi wa zimamoto wamefungwa upande gani, kisha akarudi mbio ofisini na kuchora yote kichwani kabla ukurasa haujafungwa. Wenzake watatu wa Sloan walikuwa mabingwa wa kazi hiyo: William Glackens, George Luks na Everett Shinn. Glackens alisifika kwa kumbukumbu iliyowatisha wenzake. Alitazama mtaa mara moja akaenda kuuchora mzima, hadi vifungo vya koti la polisi. Luks alikuwa na vituko vyake. Mchoraji wa katuni maarufu ya Yellow Kid aliponyakuliwa na gazeti shindani huko New York mwaka 1896, Luks alipewa kazi ya kuendelea kumchora mtoto yule yule kwenye gazeti la awali, na kwa muda mji ukawa na Yellow Kid wawili, kila mmoja akijidai ndiye wa kweli.

Sasa sikiliza jambo linalonifanya nikupe Sloan badala ya hao watatu: Sloan alikuwa mzito. Hakuwa na kasi ya kukimbilia moto. Wakubwa wake waliligundua hilo mapema, wakamwekea kazi za mezani: mapambo ya vichwa vya habari, picha za kusindikiza hadithi, na baadaye mafumbo ya picha ya Jumapili, yale msomaji anayokaa nayo akitafuta neno lililofichwa. Kwa maneno mengine alifanya kazi yako. Na kati ya hao wanne, kwa maoni yangu, ndiye aliyekuja kuwa mchoraji mwenye jicho zito kuliko wote.

Jioni wanne hao walikusanyika kwa Robert Henri, mchoraji aliyewazidi miaka michache na aliyekuwa amesoma Paris. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba mji wanaouchorea gazeti unatosha kwa turubai, hawana haja ya kutafuta malkia na malaika. Sloan alihamia New York 1904. Mwezi Februari 1908 Henri na wale wanne, pamoja na wengine watatu, walifanya maonyesho katika jumba la Macbeth mjini New York wakajulikana kama Wale Wanane. Hesabu mwenyewe: nusu ya kundi lile ilitoka chumba cha habari.

Sasa nije kwenye mkono wako. Gazeti linampa mchoraji vitu ambavyo chuo hakina muda wa kuvitoa, na kikubwa kuliko vyote ni kumbukumbu. Mwaka 1907 Sloan alikuwa akipita mtaani New York akaona umati umesimama chini ya dirisha la saluni, ndani mwanamke akipaka rangi nywele za mteja, na watu huko chini wakitazama kama sinema ya bure. Hakutoa daftari. Alirudi nyumbani akaipaka rangi picha nzima kutoka kichwani. Inaitwa Hairdresser's Window, na ukiitazama utaona alichonacho mtu wa gazeti: anajua nani katika umati ndiye kisa na nani ni wa kujaza tu. Mwanafunzi wa sanaa akipewa umati ule ule anachora kofia kumi na mbili kwa uangalifu sawa.

Lakini gazeti nalo linachukua chake, na hapa ndipo yule bwana wa jumba la sanaa alipogusa kidonda bila kukijua jina.

Anza na mstari. Gazeti la enzi za Sloan halikuweza kuchapa kijivu cha mchoraji. Mchoro ulipigwa picha, ukahamishiwa kwenye bamba la zinki, tindikali ikala kila mahali pasipo na mstari, na mstari ukabaki umeinuka peke yake kushika wino. Ni nyeusi au ni hakuna. Ukitaka kivuli, uchore vistari. Karatasi yenyewe ya gazeti inafyonza wino kama mandazi yanavyofyonza chai, kwa hiyo mstari mwembamba unanenepa na vistari vilivyosongamana vinageuka doa. Ndiyo maana wachoraji wa magazeti walijifunza mstari mzito, ulio wazi, wenye nafasi. Leo unachorea kwenye tableti na mtambo unaweza kuchapa kijivu chochote, lakini sisi wote tulifundishwa na watu waliofundishwa na zinki. Ukifika kwenye turubai, mkono wako unachora kwanza uzio mweusi, kisha unamwaga rangi ndani ya uzio. Hiyo ndiyo katuni iliyopakwa rangi. Na mstari mzito si dhambi. Mtazame Michael Soi wa hapa hapa Nairobi, watu wake wamekatwa kwa mistari mikali na rangi bapa, na hakuna anayemwambia hajui kupaka. Tofauti ni kama mstari umeuchagua wewe au umekuchagua.

Kuna kitu cha pili ambacho sijakiona kikitajwa popote, nacho nilikijua kwa aibu yangu mwenyewe. Katika miaka niliyokaa meza ya wachoraji, gazetini ambapo sitapataja, niliwahi kuchora mzee ameketi kwenye kigoda, miguu peku, vidole vimepanuka kwa miaka ya kukanyaga udongo. Ile miguu ndiyo iliyokuwa picha. Asubuhi nikafungua gazeti: mzee amekatwa magotini, na mahali pa miguu pana tangazo la sabuni. Sikulalamika, nani angenisikiliza, lakini tangu siku hiyo nikawa naweka kila kitu cha thamani katikati ya mchoro, kama mama anavyofunga pesa kwenye pindo la leso. Miaka ilipita. Nilipoanza turubai, rafiki yangu mmoja akaniuliza kwa nini picha zangu zote zina katikati tu, pembeni hakuna mtu anayeishi. Nikakumbuka sabuni. Jichunguze. Nakubashiria pembe zako nne ni tupu.

Lakini hayo mawili yanatibika kwa mazoezi. La tatu ndilo gumu, nalo ni maneno. Katuni huzaliwa na maneno yake, yawe kwenye puto juu ya kichwa au kwenye mstari wa chini. Mchoraji anazoea kuiacha picha ikiwa nusu, kwa sababu anajua maneno yatakuja kuimaliza. Akihamia turubai, maneno hayapo, lakini picha bado inayasubiri. Mtazamaji anasimama mbele yake anahisi kuna mzaha ambao hajaambiwa. Nadhani huyo bwana alihisi hilo, ila akakosa subira ya kulitafutia jina.

Sloan alilipigania jambo hili hadharani. Baada ya 1912 alikuwa kati ya watu waliobeba jarida la kijamaa la The Masses mjini New York, akichora bila malipo. Jalada lake la Juni 1914 kuhusu wachimba makaa waliouawa Ludlow, Colorado, ni kazi kali ambayo hadi leo inauma. Wahariri wa jarida, hata hivyo, walikuwa na tabia ya kuchukua mchoro wa msichana wa mtaani, au wa mtu tu amekaa karibu na pipa la takataka, na kuupachika maneno chini ili uwe hotuba ya kisiasa. Wachoraji walichoka. Mwaka 1916 Sloan na wenzake wakataka maneno yaondolewe, wakashindwa kwenye kura, na Sloan akajiuzulu. Mchora katuni mwenzao aliyekuwa upande wa wahariri aliwakejeli kwamba wanataka kuchapa picha za mapipa ya majivu, na kutokana na kejeli hiyo kundi zima likaja kuitwa Ashcan, yaani pipa la majivu, jina linalosomwa sasa vyuoni kwa heshima zote. Usisahau kwamba Sloan mwenyewe alikuwa mjamaa. Hakugombana nao kwa siasa. Aligombania haki ya picha kukaa kimya.

Mfaransa Honoré Daumier hakuwahi kupata nafasi ya kujiuzulu. Huyu alichora takribani litografia 4,000, yaani michoro inayochorwa kwenye jiwe na kuchapwa kutoka hapo, nyingi kwa magazeti ya mzaha La Caricature na Le Charivari. Mwaka 1832 alifungwa miezi sita kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza kodi za maskini. Mwaka 1835 sheria ikapiga marufuku vikaragosi vya siasa kabisa. Basi Daumier akageukia wanasheria, wafua nguo, abiria wa treni, mabwana wenye nyumba. Na hapa kuna siri: maneno mengi yaliyo chini ya michoro yake hakuyaandika yeye, yaliandikwa na watu wa ofisini baada ya mchoro kukamilika. Ukiyafunika kwa kidole, mchoro haupungukiwi kitu. Ndiyo maana rangi zake za mafuta, yule mfua nguo anayepanda ngazi za mto akimshika mtoto mkono, wale abiria wa behewa la daraja la tatu, hazina hata chembe ya katuni ingawa ni mkono ule ule. Maonyesho yake makubwa ya rangi yalifanyika 1878, naye akiwa na miaka 70 na macho yamekwisha. Alifariki mwaka uliofuata. Gazeti halikumharibu mkono. Lilimla muda, na hilo nitalirudia nikifika kwenye swali lako la kuacha kazi.

Sisi nasi tulikuwa na 1835 yetu, ingawa haikuandikwa kwenye sheria. Hadi vyama vingi viliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuna mchoraji aliyecheza na sura ya rais gazetini. Mikono ikaenda mahali pengine. Edward Gitau alimpa Taifa Leo Juha Kalulu, ambaye aliwachekesha wasomaji kwa miongo mingi bila kumgusa mkubwa yeyote. Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja Kenya 1965, akafundisha sanaa chuoni Kenyatta na akawa miongoni mwa waliokuwepo jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi, lilipoanza, alitembea njia yako kinyumenyume: alitoka kwenye sanaa ya chuoni akaingia kwenye katuni. Mwaka 1973 yeye na Hilary Ng'weno wakaanzisha jarida la Joe. Ukibahatika kuona nakala ya Joe, tazama umati anaouchora Hirst kwenye majalada, mitaa ya Nairobi imejaa pomoni, kila mtu na shughuli yake, pembe zote nne zinaishi. Nimewahi kumsikia mtu akisema Hirst alipoteza kipaji chake kwenye vichekesho. Mimi naona majalada yale yanajua Nairobi kuliko mandhari nyingi za twiga na machweo zilizokuwa zikiuzwa kwa watalii miaka ile ile.

Kwa hiyo ufanye nini? Jioni moja, saa kumi na mbili, simama Muthurwa au pale stendi yako ya matatu, dakika kumi, bila karatasi na bila simu. Usipige picha. Nenda nyumbani ulale. Asubuhi chukua burashi pana, si kalamu, na rangi mbili tu, moja ya giza na moja ya mwanga, uweke kilichobaki kichwani. Usianze na mstari, anza na doa. Na anzia pembeni: weka kwanza kile kilichokuwa kwenye ukingo wa macho yako, mkokoteni, mguu wa mtu anayeondoka, kona ya kibanda. Katikati itajijaza yenyewe, umeizoea mno. Fanya hivyo mara ishirini kabla hujanunua turubai nyingine, karatasi ya manila inatosha.

Kisha picha ikiisha, mwonyeshe mtu asiyekujua, bila kichwa cha picha. Akikuuliza "wanasema nini?", ni katuni. Akikuuliza "hapa ni wapi?" au akinyamaza tu akatazama tena, umevuka.

Kuhusu kuacha kazi: usiache. Sloan aliondoka ofisini 1903, lakini aliendelea kuwachorea Press mafumbo yao ya Jumapili hadi 1910, miaka saba, akiwa tayari New York na tayari amepaka baadhi ya picha zake bora. Picha ya rangi aliyoiuza kwanza aliiuza 1913, akiwa amevuka miaka 40. Mnunuzi alikuwa Albert Barnes, tajiri wa dawa aliyesoma naye sekondari. (Barnes huyo huyo alikuwa amempa Glackens dola 20,000 mwaka 1912 aende Paris kumnunulia picha. Ukitafuta wateja, anza na orodha ya darasa lako.) Fumbo la Jumapili lilimlipia nyumba na halikugusa saa zake za mchana zenye mwanga. Ndilo ninalokushauri uangalie: badala ya kujiuliza kama gazeti linakuharibu, jiulize linachukua saa zipi. Kama unaweza kumwomba mhariri wako akuachie michoro ya hadithi za Jumapili na ampe mwingine katuni ya kila siku, mwombe, hata kama malipo yatapungua kidogo. Michoro ya hadithi unaweza kuifanya Jumatatu na Jumanne usiku. Katuni ya siasa haina usiku wala mchana, inasubiri mheshimiwa aseme upuzi saa tatu za jioni. Daumier aliachishwa kazi na Le Charivari 1860 akapata miaka kadhaa ya kupaka rangi kwa nguvu, kisha wakamrudisha, na njaa ikamlazimu kukubali.

Sasa sahihi. Wachora katuni wa Nairobi wanapenda majina mafupi, Gado, Maddo, na sababu ni ya kiufundi zaidi kuliko unavyofikiri: mchoro ukipunguzwa hadi safu mbili za gazeti, jina refu linakuwa kama msururu wa siafu. Turubai ya mita moja haina shida hiyo. Lyonel Feininger alipokuwa akichorea Chicago Tribune katuni za Jumapili mwaka 1906, alijitambulisha kama Mjomba Feininger. Mwaka uliofuata alianza rangi za mafuta, akiwa na miaka 36, na kwenye turubai mjomba hakuonekana tena, likabaki Feininger. Daumier yeye aliandika h.D. kwenye jiwe la litografia na h.D. kwenye rangi ya mafuta, herufi zile zile, h ndogo na D kubwa. Mimi ningekuwa wewe ningetumia ile ya gazetini. Wasomaji wako wanaijua, na siku yule bwana wa jumba la sanaa akiiona kwenye kona ya picha isiyo na katuni ndani yake, itabidi asogee karibu aisome mara mbili. Ila iandike kwa burashi, na uhakikishe kona yenyewe haijabaki tupu kwa ajili ya sabuni.